Picha Yake, Sauti Yangu

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua mliponiacha: kwenye stoo ya wifi yangu, nimelala katikati ya majora ya satini, sina mume, sina kazi. Mume alihama ghorofa ya chini akaenda ghorofa ya juu kwa mwenye nyumba wetu, kwa hiyo mume na nyumba nilivipoteza asubuhi moja. Kazi niliipoteza kistaarabu zaidi. Kituo cha mabasi kiliniita, kikanikalisha kwenye kiti cha kuzunguka, kikanirekodi nikisoma matangazo yote ya safari, kikanipigia makofi, halafu kikaniambia asante, nenda nyumbani. Mpaka leo sauti yangu inatangaza mabasi pale. Mimi mwenyewe ndiye sitakiwi.

Mliochelewa, hayo yanawatosha. Sogeeni.

Kuna wanaonisimamisha njiani kuniuliza kwa nini nawadharau ndugu zangu namna hii. Leo someni mpaka mwisho, halafu mniulize tena.

Kaka yangu anauza magodoro, na yeye mwenyewe ni godoro. Ukimkalia anabonyea, ukinyanyuka anarudi alivyokuwa, hana kinyongo wala msimamo. Ukimtaka aseme neno la kiume, anatazama dari. Basi jina lake kwangu ni Godoro.

Wifi, mke wake, anapamba kumbi za harusi. Hawezi kuona kitu kikakaa bila kukifunga riboni. Mpe jeneza, atauliza lifungwe rangi gani. Huyo ni Riboni. Mama yake Riboni huja kututembelea kila wiki, anakaa kiti cha mbele, na hakuna linalofanyika bila kupita kwake kwanza, hata chumvi ya mchuzi. Huyo ni Mwenyekiti.

Hao watatu ndio waliokuwa wanangoja mtoto.

Riboni na Godoro hawakujaliwa kuzaa. Wakaomba kuasili mtoto, na baada ya kuulizwa maswali mpaka wakachoka, wakapata binti mdogo kutoka nchi nyingine kabisa, ng'ambo, mtoto asiyejua neno moja la Kiswahili. Shirika lililowashughulikia lilikuwa na sharti lake. Kila wiki mama amrekodie mtoto sauti yake, amweleze picha za nyumbani, ili siku akifika awe anamjua mama kwa masikio kabla ya kumwona kwa macho. Na ni lazima iwe sauti ya mama. Hilo walilirudia mpaka Godoro akalielewa.

Riboni alijirekodi mara moja tu. Akasikiliza, akaitupa simu kitandani.

"Hii siyo sauti yangu."

"Ni yako, wifi."

"Mimi naongea hivi? Kama mlango wa bafuni?"

Ningebisha ningekuwa mwongo.

Akanitazama. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nihamie kwenye stoo yake, alinivutia kiti. "Wifi yangu wa moyo, si wewe ulikuwa unaishi kwa sauti yako? Watu walikuwa wanasafiri kwa kukusikia tu. Nisaidie. Mtoto ni wetu sote."

Nikajua navikwa kilemba cha ukoka, na nikakivaa. Niliyelala stooni kwa watu ningesema nini?

Stoo ile, kwa yale majora ya satini, haina mwangwi hata kidogo. Ni studio kuliko studio. Riboni akanipa maneno ya kusoma: mimi ni mama, nakupenda, tutacheza, palikuwa na sungura. Wiki ya kwanza nikasoma. Wiki ya pili nikamchoka sungura. Nikajiambia, mtoto haelewi, na Riboni hasikilizi. Anabonyeza kutuma huku mdomo umejaa pini. Nani atanishtaki?

Basi nikawa namwambia ukweli. Picha ya Godoro: "Huyu ni Godoro. Ukimlilia, atakupa. Ukimwomba akutetee, atatazama dari." Picha ya Mwenyekiti: "Huyu ni Mwenyekiti. Usikae kiti cha mbele." Picha ya Riboni, aliyopigwa amekaa kama bibi harusi: "Huyu ndiye mama. Usitulie sana karibu yake, atakufunga riboni." Nikamweleza na mambo ya nyumbani: nani kanuniana na nani, mchuzi umeungua, paka wa jirani amezaa kwenye kapu la maua ya plastiki. Na mwisho, kwa mazoea ya kazi, nikamaliza kama nilivyomaliza maisha yangu yote pale kituoni: "Abiria wote, tafadhali rudini nyuma ya mstari. Safari njema." Kisha: "Lala salama, mwanangu."

Neno mwanangu lilikuwa kwenye maneno ya Riboni. Yale mengine niliyatupa, hilo nikabaki nalo.

Shirika lilituma salamu kwamba mtoto anasikiliza kila siku, halali bila sauti ya mama. Riboni akawasomea wageni salamu hizo, akajifuta macho. Wala hakuwahi kusikiliza hata rekodi moja. Godoro naye hakusikiliza, wala Mwenyekiti. Wote walikuwa na shughuli ya kumpenda mtoto. Nitasema ukweli: yule mtoto wa ng'ambo ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa ananisikiliza.

Habari ya stoo mnaijua. Stoo ndiyo ingekuwa chumba cha mtoto. "Akishazoea kidogo," Riboni aliniambia huku anapima ukuta wa kuweka mapazia, "wewe utajitafutia, eh wifi?"

Sasa njooni kwenye siku yenyewe.

Mtoto alikuwa anashukia uwanja wa ndege wa mji mkubwa, halafu anapanda basi na afisa wa shirika mpaka kwetu. Riboni akapanga mapokezi yafanyike palepale kituo cha mabasi, kwenye ukumbi wa abiria, kwa sababu una nafasi na dari yake iko juu. Alisahau. Wote walisahau nilikuwa nafanya kazi wapi, au niseme hawakuwahi kujali kiasi cha kukumbuka.

Mimi sikumkumbusha mtu. Nilitaka nione.

Mngeona ukumbi. Tao la maputo, zulia jekundu, viti vya abiria vimevishwa satini na kufungwa riboni migongoni. Ndugu wote wa Riboni wamevaa fulana za rangi ya pichi, zimechapishwa uso wa mtoto kifuani, na kwa wale wenye vitambi mtoto alikuwa amevimba mashavu. Mimi nilipewa fulana iliyobaki, yenye doa la gundi. Mwenyekiti yuko kiti cha mbele, katikati. Mpiga picha anapita akielekeza watu namna ya kulia.

"Msianze mapema. Nikiinua mkono, ndiyo mlie. Kabla ya hapo ni tabasamu tu."

"Na mimi?" Mwenyekiti akauliza.

"Wewe mama utalia peke yako, nitakupa nafasi."

Basi likaingia. Abiria wakashuka wakapita juu ya zulia, wamechoka na safari. Mzee mmoja mwenye kuku alimwagiwa maua kabla mtu hajagundua kwamba siye. Alishukuru.

Mwishoni akashuka afisa, mwanamke mrefu wa hapa hapa kwetu, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Tumwite Miwani. Nyuma yake mtoto, begi la njano mgongoni, mkononi ameshika ile picha ya Riboni, imekunjwakunjwa mpaka imepauka.

Fulana za pichi zote zikamvamia kwa pamoja, mikono mbele.

Mtoto akainua kiganja. Akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa mahadhi yangu, na pale pa kuvuta akavuta:

"Abiria wote, tafadhali rudini nyuma ya mstari."

Wakarudi. Watu wazima na akili zao wakarudi nyuma, mpiga picha pamoja nao.

"Anaongea Kiswahili," Godoro akanong'ona.

"Nimemfundisha," Riboni akasema, na machozi yakamtoka kabla ya mkono kuinuliwa.

Mtoto akaanza kuwakagua. Akasimama mbele ya kaka yangu, akafurahi kama mtu aliyeona mtaa anaoujua. "Godoro," akasema.

Kaka akacheka cheko la kujikohoza, kisha akafanya nini? Akatazama juu.

"Ona," mtoto akamwambia Miwani. "Anatazama dari."

Mwenyekiti akanyoosha mikono. "Njoo kwa bibi, mjukuu wangu. Kaa hapa karibu nami."

"Mwenyekiti," mtoto akasema kwa adabu. "Sikai kiti cha mbele."

Mwenyekiti akamgeukia binti yake. "Umemfundisha nini huyu?"

Riboni akanikata jicho. Mimi nikayatazama maputo. Nilikuwa nafurahi, siwafichi. Kila jina lilipotoka kinywani mwa yule mtoto nilijisikia kama mtu aliyelipiziwa kisasi bila kuinua kidole.

Miwani alitabasamu bila kuonyesha meno. "Safarini kanisimulia habari za kila mmoja wenu. Nikasema labda ni familia ya mizaha. Haya, mama ajitokeze. Amekuwa akimuulizia tangu tulipoondoka."

Riboni akapiga magoti kwenye zulia, gauni la pichi limetandazwa. "Mwanangu. Mimi ndiye mama."

Mtoto akatazama picha, akatazama uso, akatazama tena picha. "Sema tena."

"Mimi ni mama yako. Karibu nyumbani."

"Siyo," mtoto akasema. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo, anataka kuomba radhi aondoke.

Furaha yangu ikaishia hapo.

Na hapo ndipo ilipolia ile kengele ya kituo, tingitong, juu ya vichwa vyetu. Halafu mimi. Sauti yangu, safi, yenye heshima zote:

"Wasafiri wa basi la kaskazini, mnaombwa kujiandaa kuelekea mlango namba nne. Safari njema."

Picha ikamdondoka mtoto. Akakimbia, begi linamrukaruka mgongoni, mpaka chini ya ile spika iliyotundikwa kwenye nguzo ya katikati. Akainua kichwa mpaka shingo ikamkunjika nyuma.

"Mama," akaiambia spika. "Mama, nimefika."

Hakuna aliyeinua mkono, hakuna aliyelia.

Miwani akaitazama spika. "Ile sauti ni ya nani?"

Riboni angeweza kusema kweli. Kweli isingemuua. "Ya mashine," akasema.

"Mashine?"

"Ya kituo. Tuliitumia kidogo kwenye zile rekodi. Mimi nilikuwa na mafua."

"Mwaka mzima? Na mashine ndiyo inayojua kwamba huyu bwana anatazama dari?"

"Mashine za siku hizi zinajua mengi," Mwenyekiti akadakia.

Nikavuta pumzi ya kusema. Miwani akaiona. "Na wewe dada, wewe ni nani katika familia?"

Riboni alinifikia kabla neno halijatoka, akanikumbatia bega mpaka kucha zikanichoma. "Huyu ni dada wa mume wangu. Maskini wa Mungu, ni bubu. Tangu kuzaliwa."

Miwani akamgeukia kaka yangu. "Ni kweli, baba?"

Kaka yangu. Tumenyonya ziwa moja. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni alipougua tetekuwanga, mimi ndiye niliyemposea huyu Riboni kwa sababu yeye alishikwa na kigugumizi mbele ya wakwe. Alitazama dari ya kituo, akaitafuta vizuri.

"Bubu kabisa," akasema. "Tangu kuzaliwa."

"Tunamwombea," akaongeza Mwenyekiti, ambaye asubuhi ile ile tulikuwa tumegombana juu ya chumvi mpaka jirani akafunga dirisha.

Niliwahi kuwadharau watu maishani. Yule mume wa ghorofa ya juu nilimdharau, meneja wa kituo nilimdharau. Kumbe nilikuwa najifunza tu. Siku hiyo ndiyo nilijua dharau ni nini, na ilinijaa mpaka nikaona kizunguzungu.

Mtaniuliza, basi kwa nini hukufungua mdomo ukawaumbua? Nilitaka. Lakini Miwani aliendelea, kwa upole wa mtu asiyetania.

"Masharti mnayajua. Hatumwachi mtoto kwa watu waliomdanganya kabla hata hawajamshika mkono. Nikigundua sauti ile ni ya mtu mwingine, na mtu huyo alifichwa, mtoto ataondoka na mimi leo hii."

Kwa hiyo nikisema, anaondoka. Nisiposema, anabaki kwa watu wanaoweza kumfanya ndugu yao bubu mchana kweupe. Nikafumba mdomo. Nikawa bubu kwa hiari yangu, na Riboni akanipapasa bega kunishukuru. Nilitamani kumng'ata.

Tingitong.

"Wasafiri wa basi la kaskazini, ingieni sasa kupitia mlango namba nne. Mlango namba nne, tafadhali."

Mtoto akaikubalia spika kwa kichwa. Akakaza mikanda ya begi lake. Akaanza kutembea kuelekea mlango namba nne.

"Anakwenda wapi?" Godoro akauliza.

Anakwenda alikoambiwa na mama yake, mpumbavu wewe. Nililisema moyoni, maana mdomo ulikuwa wa bubu.

Tulipong'amua kwamba hatanii, tayari alikuwa kwenye ngazi ya basi, amekumbatia bomba la mlangoni kwa mikono miwili. Injini inanguruma. Kondakta anauliza mtoto ni wa nani. Godoro anazunguka akisema mtoto, mtoto, shuka basi. Miwani akajaribu kumbembeleza kwa lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili.

"Mama kasema mlango namba nne," mtoto akajibu.

Miwani alipojaribu kumbandua mikono, mtoto akapiga ukelele. Tangu afike alikuwa hajalia. Ukelele ule uliwasimamisha hata wachukuzi wa mizigo, na dereva akapiga honi kwa kuchoka kusubiri.

Riboni akanivuta nyuma ya tao la maputo. "Nenda juu."

Nikamwinulia nyusi. Mimi si bubu?

"Usinifanyie mzaha. Kile kibanda chako cha matangazo. Panda, mwambie ashuke. Mwambie mama yake ni mimi, huyu mwenye gauni la pichi. Halafu muage. Muage kabisa, wifi, aelewe kwamba ile sauti haipo tena."

"Halafu mimi?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

Alishtuka, nadhani alikuwa ameanza kuuamini uongo wake mwenyewe. "Wewe utabaki kwetu. Stoo nitakuachia, mtoto atalala chumbani kwetu. Utakula, utavaa, hakuna atakayekufukuza. Lakini sitaki kusikia sauti yako nyumbani kwangu mpaka tuzikane. Mtoto asiisikie hata ukikohoa."

Nimemwona mwanamke yule akifunga riboni viti, chupa, keki, hata mkia wa gari. Sikujua kwamba siku moja angefika shingoni kwangu.

Nikapanda.

Ngazi ziko nyuma ya madirisha ya tiketi. Mlango wa kibanda kufuli lake lilikufa zamani. Unauinua kwa kitasa, unausukuma kwa kiuno, unafunguka. Walibadilisha mtangazaji, kufuli hawakulibadilisha. Ndani, pale palipokuwa kiti changu, kuna kisanduku kinachowaka taa ya kijani, kadiri ya chombo cha chakula cha mchana. Ndicho mimi. Maikrofoni yangu ya zamani imesukumwa pembeni, imefunikwa na kitambaa changu cha kichwa nilichokuwa nikiizuilia vumbi. Hawakunirudishia hata hicho.

Kioo cha kibanda kinatazama ukumbi wote. Niliona tao limeinama upande. Niliona fulana za pichi zimesimama kama mzigo uliokosa mwenyewe. Niliona basi, na mtoto kwenye ngazi yake.

Nikazima kisanduku. Nikabonyeza swichi yangu. Taa nyekundu ikawaka, kengele ikalia.

"Abiria mdogo mwenye begi la njano."

Ukumbi mzima ukainua vichwa. Mashine haijui begi la mtu.

"Shuka kwenye basi. Basi hilo siyo lako."

Mtoto akaachia bomba palepale. Akashuka, akampita Godoro, akampita Miwani, akaja akasimama chini ya spika kama mwanzo, mikono kwenye mikanda ya begi. Basi la kaskazini likaondoka kwa hasira.

Riboni hakupoteza nafasi. Akakimbia akasimama kando ya mtoto, akanyoosha gauni, akatazama kioo changu akanitikisia kichwa: haya, sema. Mpiga picha akainua mkono. Fulana zote za pichi zikaanza kulia.

Ilikuwa imebaki sentensi moja. Mama yako ni huyo aliye karibu nawe. Nimetangaza mabasi yaliyochelewa, yaliyoharibika njiani, hata yale ambayo hayakuja kabisa, na abiria wananitukana, na sauti yangu haikutikisika. Hii moja ilikataa kutoka.

Ungamo la wiki hii ni hili, na ninaliandika nikiona aibu. Nilimtaka yule mtoto. Sikuanza kwa mapenzi. Nilianza kwa kuwasengenya ndugu zangu kwenye sikio la mtu asiyeelewa, dharau tupu, na yeye akaipokea dharau ile akajifunzia kusema, mpaka akavuka dunia kunifuata. Nilitaka kumwambia: panda ngazi nyuma ya madirisha ya tiketi, mlango sukuma kwa kiuno, niko hapa. Mimi, ninayelala juu ya satini ya watu, nisiye na sufuria yangu mwenyewe. Nilijidharau kwa kutaka, na niliendelea kutaka.

"Mwanangu," nikasema.

Kichwa cha Riboni kikaacha kutikisika.

"Mwanangu, mama yako ni..."

Nyuma yangu mlango uliinuliwa kwa kitasa, ukasukumwa. Nikajua si mtu wa kituo. Wa kituo huupiga teke. Nikaikimbilia swichi. Mkono mwingine ukanitangulia, ukaufunika wangu, ukauondoa.

Miwani alikuwa anahema kwa zile ngazi. Miwani yenyewe alikuwa ameivaa sasa.

"Kumbe bubu anasema," akasema.

Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Maneno yake yakashuka ukumbini, yakapita kwenye kila spika. Kule chini kilio cha pichi kikakatika. Kaka yangu akatazama dari, akakumbuka kwamba sauti ndiko inakotoka, akatazama chini.

Nikamwonyesha Miwani ile taa. Akaitazama, akaiacha.

"Acha wasikie. Nilijua tangu ndegeni kwamba aliyerekodi si yule wa kwenye picha. Mtu hajisemi vile. Nani kadanganya hilo siulizi, nimeliona. Nina swali moja kwako, na utalijibu hapo hapo ulipo, mtoto akikusikia."

Akanisogezea maikrofoni mpaka ikanigusa mdomo.

"Ulipokuwa unamwita mwanangu, wiki kwa wiki, ulikuwa unasoma au ulikuwa unasema? Kama ulikuwa unasoma, narudi naye sasa hivi. Kama ulikuwa unasema, basi katika nyumba hii nina mtu mmoja tu wa kumkabidhi, na si yule aliyevaa gauni. Lakini fikiri vizuri utalala naye wapi leo."

Chini, Riboni aliinama. Aliokota picha yake iliyokanyagwa, akaifuta kwa pindo la gauni, akaishika kwa mikono miwili asijue ampe nani. Hakuna riboni iliyobaki usoni mwake. Alikuwa mwanamke aliyengoja mtoto miaka na miaka, na kwa mara ya kwanza sikuwa na jina la kumtania.

Kisha akainua uso akanitazama moja kwa moja kupitia kile kioo. Akatikisa kichwa polepole. Mpaka leo sijui alikuwa ananikataza au alikuwa ananiomba.

Nikafungua mdomo. Mtoto alikuwa amerudi nyuma ya mstari, begi mgongoni, anangoja tangazo.